Mtoto wa Mradi

Katika hospitali yote ya kambi ile ya wakimbizi hapakuwa na mtoto aliyetunzwa vizuri kama mwanasesere wa mafunzo. Alikuwa na sanduku lake gumu lenye vibano viwili, blanketi laini, kofia ya kufuma, na namba ya mali iliyobandikwa kisiginoni. Kila alipotoka stoo watu watatu walitia saini, na kila aliporudi walitia saini tena, wakamgeuza huku na huku kuona kama hajachubuka. Alikuwa pia na ambu yake mwenyewe, yaani ule mfuko wa mpira wenye barakoa ndogo anaopuliziwa mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Ilikuwa mpya, inang'aa kama yai. Wakunga walimwita Mtoto wa Mradi, na wengine walisema kwa dhati kabisa kwamba wakifa wangependa kuzaliwa tena wakiwa yeye.

Mkuu wa wodi ya wazazi aliitwa Bi Wembe. Jina hilo alipewa kwa ajili ya ulimi wake, ingawa wageni aliwaambia kuwa ni kwa sababu ya kukata vitovu. Alikuwa na miaka ishirini na sita kazini, magoti mawili yenye malalamiko, na barua mbili za onyo kwenye faili. Ya kwanza aliipata kwa kumwambia mratibu kuwa kikao chake ni kirefu kuliko mimba. Ya pili aliipata kwa kujibu ya kwanza.

Wodi yenyewe ilikuwa na ambu mbili, kwa hesabu ya karatasi. Moja ilichanika kidude cha kuzuia hewa isirudi nyuma, ikawa ukiibinya inalia kama bata na hewa haifiki popote. Ya pili ilipanda gari la wagonjwa pamoja na mtoto aliyepelekwa hospitali kubwa, ikapata uhamisho huko huko bila barua. Bi Wembe aliandika kuomba nyingine. Aliandika mara tano. Mara tano alijibiwa kwamba ombi lake limepokelewa na liko kwenye mchakato. Huyo Mchakato hakuwahi kumwona kwa macho, lakini alijua ana tumbo kubwa, maana kila kilichoingia humo hakikutoka.

Wiki tatu kabla ya siku tunayoisimulia, alizaliwa mtoto wa kike, mzima wa viungo, mweupe midomo. Bi Wembe aliweka kipande cha shashi juu ya uso ule mdogo, akapuliza kwa mdomo wake mwenyewe mpaka akaona nyota. Mtoto hakurudi. Alimfunga vizuri, akampa mama yake amshike, kisha akaenda kuandika kwenye rejista kwa mwandiko ulionyooka, mstari mmoja, kama inavyotakiwa. Hilo hakumfanyia mtu mzaha, wala hakulizungumza.

Ofisi kuu iliisoma rejista ile. Ikahesabu mistari ya namna hiyo, ikakaa, ikanywa chai, ikaamua kuwa tatizo ni wakunga kutojua kazi. Ambu haikuletwa. Yaliletwa mafunzo ya siku tatu.

Mkufunzi alikuwa daktari kijana, mpole, mwenye miwani na kompyuta iliyobeba slaidi sitini na nne. Kufikia saa nne ya siku ya kwanza alikuwa tayari ana jina, Daktari Slaidi. Darasa lilikuwa chumba cha pembeni ya chumba cha kujifungulia, ukuta wa mbao nyembamba katikati, na mlango ambao badala ya ubao ulikuwa na pazia. Hivyo upande huu daktari alisema, "Katika dakika ya kwanza mtoto lazima awe amepumua au anapumulishwa, hii tunaiita dakika ya dhahabu," na upande wa pili mwanamke akapiga kelele kwamba hataki tena mume maishani mwake.

"Huyo naye yuko kwenye slaidi ya ngapi?" aliuliza Bi Wembe, na darasa zima likaangua kicheko.

Daktari akacheka pia, kwa adabu, akabonyeza slaidi inayofuata.

Kazi ya kuosha vifaa vya Mtoto wa Mradi kila jioni alipewa Bi Wembe, kwa kuwa alikuwa ndiye mkuu wa wodi na wakubwa wana heshima zao. Siku mbili mfululizo aliichemsha ile ambu kipande kwa kipande, akaianika juu ya kitambaa safi, akaiunganisha, akaitazama. Akairudisha kwenye sanduku. Mtunza stoo, ambaye wote walimwita Bwana Stoo, akafunga vibano, akaweka kufuli, akaomba saini.

"Hivi, Bwana Stoo," alimuuliza jioni ya pili, "huyu mtoto wenu amefufuliwa mara ngapi mpaka sasa?"

Bwana Stoo alikuwa mtu wa vitabu, mwembamba, kalamu mbili mfukoni. Akafungua daftari. "Kwa mafunzo haya na yale yaliyopita, mia nne na kumi na mbili."

"Mia nne! Hata paka ana roho tisa tu. Na mimi nikiomba ambu kwa ajili ya anayekufa mara moja?"

"Iko kwenye mchakato, dada."

"Amina."

Siku ya tatu asubuhi ulikuwa mtihani. Wakunga wanane walikaa kwenye mabenchi, saa ya ukutani ikiwa na betri mpya, maana mradi ulileta na betri. Bwana Stoo alishafika na daftari lake, tayari kukabidhiwa mali mafunzo yakiisha. Bi Wembe, kwa ukuu wake, akaitwa wa kwanza.

"Mama, fanya kila hatua na useme kwa sauti unachofanya," alisema daktari.

"Nikisema kwa sauti, nani ananisikiliza? Huyu?"

"Mimi, mama."

Basi akavaa glavu, akamkausha Mtoto wa Mradi, akamsugua mgongo, akamlaza, akaweka barakoa, akapuliza, yote hayo upesi kama mtu anayekunja nguo za wajukuu. Hakusema neno. Alipomaliza alivua glavu, akamwangalia daktari kama anayesubiri kupigiwa makofi.

Daktari alikuwa anaandika. "Mikono yako ni mizuri sana, mama. Lakini hukutazama kifua."

"Kifua cha plastiki?"

"Ndiyo. Kama hakipandi ina maana hewa haiingii, hata ukipuliza mpaka kesho. Kichwa ulikikunja mbele kidogo. Na hukuangalia."

Bi Wembe akatabasamu lile tabasamu ambalo wakunga wadogo walikuwa wakilikimbia koridoni. "Mwanangu, nilipoanza kupulizia watoto wewe ulikuwa unapuliziwa uji."

"Najua, mama." Akaandika neno moja kwenye fomu. Bi Wembe alilisoma kichwa chini miguu juu, maana miaka ishirini na sita ya kusoma mafaili ya wakubwa humfundisha mtu mengi. Neno lilikuwa *Arudie*.

Arudie! Na aliyeliandika angeweza kuwa kitindamimba wake. Alikuwa anakusanya maneno ya kumjibu, na yalikuwa yanakuja mazuri mazuri, pazia lilipofunguka. Mkunga msaidizi, binti aliyebaki zamu peke yake ili wenzake wapate elimu, alitoa kichwa.

"Bi Wembe! Yule wa miezi minane anasukuma!"

"Mama, hatujamaliza kujaza fomu," daktari alisema.

"Andika nimeenda chooni."

Yule wa miezi minane alikuwa mgeni wa shida hii, yaani ndiyo mimba yake ya kwanza, msichana wa miaka ishirini aliyefika alfajiri ameshikwa mkono na mama mkwe wake. Mama mkwe alikuwa mwanamke wa maagizo. Tangu alfajiri aliagiza mkwewe apumue, asipumue, alale kushoto, asilie, kwamba yeye alizaa saba na hakuna jirani aliyemsikia.

"Ungempa nafasi na mtoto aagize kidogo," alisema Bi Wembe huku akivaa glavu mpya. "Haya mwanangu. Sasa. Sukuma."

Kichwa kilitoka, na kitovu kikiwa kimejizungusha shingoni mara mbili kama skafu. Bi Wembe alikitanzua kwa vidole viwili, mabega yakafuata, na mtoto akateleza mikononi mwake. Mdogo. Wa kiume. Rangi ya majivu, mikono inaning'inia.

Hakulia.

Alimkausha kwa kitambaa cha kwanza, akakitupa, akachukua cha pili. Akamsugua mgongo juu chini. Akamfuta mdomo. Hakuna. Akabana kitovu, akakata. Mkunga msaidizi alikuwa tayari ameshika ile ambu ya wodi, kwa mazoea tu, akaibinya, ikalia kama bata.

"Mbona halii?" aliuliza mama mkwe. Kwa mara ya kwanza siku hiyo lilikuwa swali, si agizo.

"Mama, mtoto yuko wapi?" msichana akauliza. "Mama, yuko wapi?"

"Baki na mama yake," Bi Wembe alimwambia msaidizi. "Sindano ya kukaza mji wa uzazi, sasa hivi. Angalia damu." Akamfunika mtoto kwa kanga kavu, akapiga hatua kumi na moja, akalisukuma pazia kwa bega.

Juu ya meza, chini ya taa nzuri, juu ya blanketi lake, alilala Mtoto wa Mradi, amefumba macho kwa raha zake, akisubiri kufufuliwa kwa mara ya mia nne na kadhaa. Bi Wembe alimshika mguu mmoja, akamrushia Bwana Stoo.

"Shika mwenzio."

Bwana Stoo alimdaka. "Dada! Hiyo ambu ni ya mafunzo! Haitumiki kwa… kwa…"

"Kwa watu," alimalizia Bi Wembe. Alikuwa ameshamlaza mtoto na ameshika mfuko. Jana jioni aliuchemsha kwa mikono yake, na leo aliyeugusa ni yeye tu, na glavu. Alijua kuwa ulikuwa safi kuliko sahani nyingi.

"Barakoa namba sifuri, mama, ni mdogo," ilisema sauti pembeni yake. Daktari alikuwa ameshasimama pale, na ile barakoa ndogo ilikuwa mkononi mwake. Bi Wembe akaipokea, akaibadilisha, akaibandika usoni, akaanza kubinya.

Akabinya. Akabinya tena. Macho yake yalikuwa kwenye ule uso wa majivu, na uso ule ulikuwa unageuka mwingine, wa wiki tatu zilizopita, wenye kipande cha shashi juu yake. Akabinya upesi zaidi. Alikuwa anasema kitu kwa sauti, lakini hakikuwa hatua ya slaidi yoyote. Alikuwa anasema "njoo, njoo, njoo."

"Mama," alisema daktari. "Kifua."

Hakusikia.

"Mama! Tazama kifua!"

Akatazama. Kifua kilikuwa kimelala kama meza. Pumzi zote zile, zaidi ya kumi, hazikuingia hata moja.

"Kichwa kimekunjwa mbele. Subiri." Daktari alinyakua kofia ya kufuma ya mwanasesere, akaikunja mara mbili, akaipenyeza chini ya mabega ya mtoto. Kichwa kikakaa sawa, pua ikaelekea juu. Bi Wembe akabandika barakoa upya, akanyanyua kidevu kwa kidole cha mwisho.

"Puliza," alihesabu daktari, "mbili, tatu. Puliza, mbili, tatu."

Na kifua kikapanda. Kidogo, kama kitambaa kilichopitiwa na upepo chini yake. Kikashuka. Kikapanda.

Wakunga saba walikuwa wamesimama, na midomo yao inahesabu bila sauti. Daktari alishika shina la kitovu kwa vidole viwili kusikiliza mapigo. "Yapo. Yanaenda polepole. Endelea, mama. Puliza, mbili, tatu. Yanaongezeka." Saa ya ukutani yenye betri ya mradi ikamaliza dakika moja, ikamaliza mbili. Midomo ikaanza kuwa na rangi ya midomo. Dakika ya tatu mtoto alivuta pumzi moja yake mwenyewe, ya kigugumizi, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, kisha akakaa kimya muda ambao Bi Wembe hakuupenda kabisa. Akampulizia tena. Kisha ikaja nyingine. Kisha mtoto akakunja uso, akakusanya hasira zake zote, akalia kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Upande wa pili wa pazia mama mkwe alipiga vigelegele vilivyowatisha hata waliokuwa wodi ya wanaume.

Bi Wembe alisimama pale, mikono juu ya meza. Alipogeuka alimwona Bwana Stoo amekaa kwenye benchi, macho mekundu, amemkumbatia Mtoto wa Mradi kifuani na anambembeleza taratibu, kushoto kulia, bila kujua.

"Amelala?" alimuuliza.

Bwana Stoo akamtazama mwanasesere, akamshusha haraka. "Nilikuwa nakagua mali," alisema.

Mtoto alipimwa, akawa kilo moja na gramu mia tisa. Kupumua alikuwa ameshajua, sasa ilibaki asipoe, maana mtoto mdogo namna ile akipata baridi husahau somo lote. Dawa ya baridi inajulikana, na haihitaji mchakato. Ni kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi. Lakini mama yake alikuwa amepoteza damu, ana dripu mikono miwili, anatetemeka chini ya mablanketi. Mama mkwe alikuwa na kikohozi cha wiki mbili. Akabaki baba.

Baba alikuwa nje chini ya kibao cha *Kimya Tafadhali*, amekaa kimya kuliko kibao chenyewe. Alikuwa mpagazi kwenye ghala la chakula, mtu mpana kama kabati, na wenzake walimwita Tani. Bi Wembe alimwita ndani akamwambia avue shati.

"Mimi, mama? Mimi siumwi."

"Vua shati, baba. Leo wewe ndiye jiko."

Mama mkwe aliingilia. "Mwanangu mimi? Mwanaume alee kifuani? Watu watasemaje?"

"Watasema kajukuu kako kazima. Au umesikia kuwa kifua chake hakitoi joto?"

Mama mkwe alifikiri, akaona hoja hiyo haina mlango wa kutokea. Kwa hiyo akahamia kwenye maagizo. "Basi vua upesi! Unangoja nini? Mtoto anapoa!"

Wakamkalisha Tani kwenye kiti, wakamweka mtoto kifuani, kofia kichwani, nepi, na kanga ikawafunga pamoja mzunguko mara mbili. Tani alikakamaa. Jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Magunia unabeba mawili mawili," alisema Bi Wembe. "Hili la kilo moja na mia tisa ndilo linakutoa jasho?"

"Gunia likianguka linaokotwa, mama."

Bi Wembe akakaza fundo la kanga, akalijaribu kwa kidole.

Baada ya muda Tani akauliza kwa kunong'ona, "Nipumue, au nikipumua nitamsumbua?"

"Pumua, baba. Ndiyo maana halisi ya siku ya leo."

Saa nane mchana wakunga wengine walikuwa wamemaliza mitihani yao kwa ambu ya bata, ambayo kwa mwanasesere ilitosha. Bwana Stoo akaja na fomu. Alikuwa amenawa uso.

"Dada, usinielewe vibaya. Utaratibu unataka barua ya maelezo, kwa nini kifaa cha mafunzo kimetumika kwa mtoto halisi."

Bi Wembe hakumlaumu. Kila mtu na dini yake. Akaketi, akaandika:

*Kwa heshima naomba kueleza kwamba leo asubuhi, watoto wawili walikuwa hawapumui kwa wakati mmoja. Baada ya kuwachunguza wote, niliona kwamba mtoto wa mradi ana uzoefu mkubwa wa hali hiyo na anaweza kusubiri. Yule mwingine ilikuwa mara yake ya kwanza. Naomba radhi kwa mwanasesere na familia yake.*

Bwana Stoo aliisoma mara mbili, akaipiga mhuri. Halafu badala ya kuondoka akafungua kitabu chake cha miongozo, akalamba kidole, akafunua kurasa mpaka akafika alipotaka. Akasoma kwa sauti ya mtu wa ibada: "Kifaa chochote kilichogusa mgonjwa hakitarudishwa kwenye seti ya mafunzo." Akanyanyua macho. "Kwa hiyo ambu hii siwezi kuipokea, dada. Nikiipokea nimevunja utaratibu."

"Itabaki wapi?"

"Mwongozo hausemi." Akafunga kitabu. "Kwa kuwa hausemi, mimi sijui. Itakuwa inabaki ilipo."

"Kumbe ni kulinda mwanasesere asiambukizwe."

"Mali ya mradi, dada. Lazima tuilinde," alisema Bwana Stoo, na kama kuna kitu kilicheza kwenye pembe za mdomo wake hakuna aliyekiandika.

Daktari alikuwa anakunja nyaya zake. Mabenchi yalikuwa matupu. Bi Wembe aliingia, akaketi kwenye benchi la mbele, ambalo siku zote tatu alikuwa amekataa kulikalia.

"Wewe mwenyewe umewahi kuwapulizia wangapi? Walio hai, simaanishi plastiki."

"Wawili, mama. Wa leo ni wa tatu, nikijihesabia." Akavua miwani, akaifuta. "Mmoja alipona. Ndiyo maana nafundisha. Yule mwingine sikutazama kifua."

Nje gari la maji lilikuwa linapiga honi.

"Kuna mmoja hapa, wiki tatu zilizopita," alisema Bi Wembe. "Nilimpulizia kwa mdomo. Sikumbuki kichwa chake kilikaaje. Nimejaribu kukumbuka."

Kijana mwingine angemwambia haikuwa kosa lako, mama, kazi ya Mungu haina makosa. Huyu hakusema hivyo. "Sijui, mama," alisema. "Na bila kifaa, pengine hata kingekaa vizuri… Sijui."

"Haya." Akanyanyuka, magoti yakalalamika. "Mtoe huyo bwana kwenye sanduku lake."

"Mama?"

"Si umeandika nirudie?"

Daktari akafungua vibano viwili. Mtoto wa Mradi akalazwa mezani. Bi Wembe akavaa glavu, akachukua ambu ya bata, na mbele ya benchi tupu akafanya kila hatua, akisema kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza: "Namkausha. Namsugua mgongo. Halii. Naweka kichwa sawa, pua juu. Naweka barakoa. Napuliza, mbili, tatu." Kisha akainama, akatazama kifua kile cha plastiki kwa muda mrefu kuliko fomu ilivyohitaji. "Natazama kifua," alisema, na sauti yake haikuwa na wembe wowote.

Daktari alifuta neno lake, akaandika jingine.

Mwezi uliofuata ofisi kuu ilitoa taarifa ya mafunzo yenye jalada la rangi na picha ya Mtoto wa Mradi akitabasamu. Ilisema mafunzo yalifaulu kwa asilimia mia moja na kwamba vifaa vyote vilirejeshwa katika hali nzuri, isipokuwa kimoja kilichochakaa kwa matumizi. Bi Wembe alipata vitu viwili kwa bahasha moja: cheti cha kufaulu, na barua ya tatu ya onyo, kuhusu lugha isiyofaa kwenye nyaraka za ofisi. Cheti alikibandika ukutani. Ya barua akaomba nakala ya pili, kwa kuwa, alisema, angependa kumpelekea mama yake.

Lakini kabla ya hayo, siku ya kumi na nne, yule mdogo alitimiza kilo mbili kamili, ananyonya mwenyewe, na akaruhusiwa. Mama yake alikuwa amepata nguvu tangu siku ya tatu, wakawa wanampokezana na mumewe, mchana huyu, jioni yule. Wapagazi wenzake Tani walikuja mwanzoni kumcheka. Waliporudi mara ya pili walikuja kuuliza maswali, kwa sauti ya chini, wakiangalia nyuma.

Asubuhi ile ya kuondoka, mama mkwe alikuwa mlangoni akimwelekeza kila mtu. Tani alinyoosha mikono kumchukua mtoto.

"Hapana," alisema mkewe. Katika wodi ile hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno hilo. "Umembeba vya kutosha. Mimi ndiye nampeleka nyumbani."

Akamfunga kifuani, akajifunika kanga, akatangulia. Mama mkwe akampisha, akamfuata. Tani alichukua mfuko wa nguo, kisha akaushusha, kisha akauchukua tena kwa mkono mwingine, na Bi Wembe akiwa amesimama kizingitini alimtazama akitembea nyuma yao mpaka kwenye kona ya ghala, mtu mzima mpana kama kabati, asiyejua mikono yake aiweke wapi.